Nyumba imeachiwa ndugu: kodi iandikwe kwa jina la nani?

UVIRA – Kwenye avenyu nyingi za Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, kuna nyumba ambazo mwenyewe hayupo. Yuko ng'ambo ya Rusizi katika kambi ya Burundi, ao Baraka, ao Kigoma, ao amefika mbali kabisa Amerika. Ndani ya nyumba anakaa mdogo wake, shemeji yake, jirani wa kanisa, ao mpangaji anayempelekea huyo mdogo feza kila mwezi. Mwenyewe alipoondoka alisema maneno mafupi: "Uniangalilie nyumba mpaka nitarudi." Wengine waliandika prokirasio, ile karatasi ya kumpa mtu madaraka ya kutenda kwa jina lako. Wengi hawakuandika kitu.

Kisha siku moja ajenti wa kodi anapiga hodi. Swali lake la kwanza ni dogo: "Nyumba hii ni ya nani?" Jina linaloandikwa kwenye kitansi siku hiyo linaweza kumgharimu mkimbizi nyumba yake yote.

Jibu linapaswa kuwa moja. Nyumba iliyoachwa kwa uaminifu, kwa makubaliano ambayo mwenyewe anaweza kuyavunja siku yoyote, ni ya mwenyewe bado. Kodi yake iandikwe kwa jina la mwenyewe. Msimamizi anaweza kulipa kwa mkono wake, lakini asilipe kwa jina lake.

Si jambo la watu wachache

Uvira inajua kukimbia. Mwaka 1996, na tena 1998, familia za jumuiya mbalimbali ziliacha nyumba zao, na wengine waliporudi walikuta mabishano mlangoni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka kwenye njia yake, ukaua watu na kubomoa nyumba maelfu. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mpaka yakaingia katika mitaa ya kando ya ziwa, na watu wakahamia kwa ndugu wanaokaa juu kidogo. Februari 2025 Bukavu ilianguka, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, wengi wao wakifikia uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, na wengine makumi ya maelfu wakavuka mto.

Kila safari ya namna hiyo inaacha nyuma nyumba, kiosko, depo ya unga, mashine ya kusaga. Na kila kitu hicho kina mtu aliyeambiwa: "Uniangalilie." Huo ni uaminifu wa kweli, na bila huo uaminifu Uvira ingekuwa mji wa milango iliyovunjwa. Lakini ofisi ya kodi inasoma karatasi, haisomi moyo.

Kodi mbili za nyumba

Kwanza inaomba kutenganisha maneno. Feza ambayo mpangaji anamlipa mwenye nyumba, hapa inaitwa loye. Kodi ni ile ya serikali. Nyumba moja inaweza kubeba kodi mbili: kodi ya parsele na kodi ya loye. Zote mbili zinatoka katika sheria za tarehe 10 Februari 1969: namba 69-006 kwa parsele, namba 69-009 kwa loye. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, imeziweka kodi hizi mikononi mwa jimbo. Katika Kivu Kusini ofisi inayozikusanya ni DPMER.

Kwa kodi ya parsele, sheria inamtaja mwenye mali, lakini haiishii hapo. Inamtaja pia mwenye kushika mali, mwenye konsesyo, na mwenye haki ya kuitumia. Hapo ndipo mtego uko. Ajenti akikuta mtu anakaa ndani, ana funguo, anapokea wageni, anaweza kumwandika yeye kuwa ndiye mwenye kushika. Sheria haikusema kwamba kila anayelala ndani ya nyumba ni mwenye kuishika kwa ajili yake mwenyewe. Anayeishika kwa ajili ya mtu mwingine ni mlinzi. Lakini kitansi hakina nafasi ya kueleza hayo yote. Kina mstari mmoja wa jina.

Kwa kodi ya loye, hesabu ni hii. Kiwango kilichojulikana miaka mingi ni 22% ya loye yote ya mwaka. Mpangaji anakata 20% wakati wa kulipa na kuipeleka ofisini, kisha mwenye nyumba anamalizia 2%. Jimbo linaweza kushusha kiwango, kwa hiyo ni vizuri kuuliza ofisini kiwango cha mwaka huu. Chukua mfano wa mama mmoja wa Mulongwe aliyeacha nyumba kwa mtoto wa dada yake, na mpangaji analipa dola 50 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 600. Kodi yake ni dola 132: mpangaji anakata 120, na 12 zinabaki za kumalizia. Swali ni lile lile: hizo dola 132 zinaandikwa kwa jina la mama aliyeko kambini, ao la kijana anayepokea loye?

Kijana anapokea feza, lakini si zake. Anazituma Burundi kwa simu, ao analipia watoto shule, ao anatengeneza paa, yote kwa agizo la shangazi. Mapato ni ya mama. Kodi ni ya mama. Kijana ni mkono tu.

Karatasi inayoweza kurudishwa

Sheria ya Kongo juu ya mapatano ni ya zamani sana, ni dikri ya tarehe 30 Julai 1888, na ndani yake kuna sura juu ya kumpa mtu madaraka. Inasema mambo matatu ambayo kila familia iliyokimbia inapaswa kuyajua.

La kwanza: aliyetoa madaraka anaweza kuyarudisha wakati wowote anaotaka. La pili: aliyepewa madaraka lazima atoe hesabu ya alichopokea, na aliyempa lazima amrudishie gharama alizotoa mfukoni kwa ajili ya kazi hiyo. La tatu, ambalo watu wengi hawalijui: madaraka yanakufa pamoja na aliyeyatoa. Baba akifa kambini, prokirasio aliyoisaini haina nguvu tena, na wariti ndio wanaopaswa kuandika nyingine.

Mali ambayo unaweza kuirudisha mikononi mwako kwa barua moja, haijatoka kwako. Ofisi ya kodi inapaswa kuanzia hapo.

Wenzao walioko Amerika wanaweza kuwaeleza ndugu zao jambo linalofanana na hili. Kule kuna mpango unaoitwa trasti: mtu anaweka nyumba ao mali yake chini ya msimamizi, kwa karatasi, ili isimamiwe vizuri na baadaye ifikie watoto. Kuna trasti isiyofutika, na kuna trasti ambayo mwenyewe anaweza kuifuta wakati wowote. Kwa hii ya pili, kodi ya mapato ya serikali kuu ya Amerika inamtazama mwenyewe kana kwamba hakutoa kitu: mapato ni yake, kodi ni yake. Jimbo la Texas nalo, ambako wakimbizi wengi wa Kongo wamepokelewa, lina kodi ya biashara, na sheria yake haiihesabu trasti ya namna hiyo kuwa mlipaji wa pekee, ikiwa walioianzisha na wanaofaidika nayo ni watu wa kawaida ao mashirika ya hisani. Lakini kama ndani ya trasti kuna kampuni, kampuni inabaki na kodi yake. Maana yake ni wazi: mwenye uwezo wa kurudisha mali ndiye mwenyewe, na anayefanya biashara ndiye mfanyabiashara, hata karatasi ikiwa na majina mengi.

Sheria ambayo Kongo ilirithi kutoka Ubelgiji haina trasti ya kienyeji ya familia kama ile. Ina prokirasio. Lakini akili ya jambo ni ile ile, na Uvira haihitaji kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa ili kuitumia.

Duka si sawa na nyumba

Kwa biashara, jibu linabadilika kidogo, na wengi wanachanganya. Biashara ndogo inaongozwa na sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, iliyobadilishwa mwaka 1990, na karatasi yake ni patenti. Patenti inamfuata anayefanya biashara, haifuati ukuta wa duka.

Basi inaomba kuuliza: faida ni ya nani? Ikiwa mwenye duka amekimbia na mdogo wake anauza bidhaa za kaka, anapata mshahara ao posho, na faida inamwendea kaka, basi biashara ni ya kaka na patenti iwe kwa jina la kaka. Mdogo ni mfanyakazi. Lakini ikiwa mdogo amenunua bidhaa kwa feza yake, anauza kwa faida yake, na kila mwezi anampa kaka kiasi fulani kwa ajili ya kuta na meza, basi biashara ni ya mdogo. Patenti ni yake, na kile anachompa kaka ni loye, ambayo ina kodi yake kwa jina la kaka.

Pale ambapo familia haikusema wazi ni lipi kati ya haya mawili, ugomvi unakuja wakati wa kurudi. Kaka anadai faida ya miaka miwili. Mdogo anaonyesha patenti yenye jina lake. Kila mmoja anaamini anasema kweli, na pengine wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Kwa nini jina kwenye kitansi ni jambo la hatari

Katika mji ambao kila parsele ingekuwa na sertifika ya kuandikishwa, kitansi cha kodi kingekuwa karatasi ndogo. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na haki ya mtu juu ya parsele inathibitishwa na sertifika hiyo. Lakini parsele nyingi za Uvira hazina sertifika. Zina karatasi ya kuuziana, fishi ya kartie, ao ushahidi wa majirani. Karatasi zingine zimeungua, zingine zimechukuliwa na maji. Pale ambapo sertifika haipo, kitansi cha kodi cha miaka mitatu mfululizo kinaanza kuzungumza kwa sauti kubwa mbele ya chefu wa kartie, mbele ya ofisi ya udongo, na hata mbele ya hakimu.

Na kuna jambo lililo zito zaidi. Mtu akifaulu kupata sertifika kwa jina lake, muda wa kuipinga ni mfupi: baada ya miaka 2 inakuwa vigumu mno kuishambulia. Kwa mtu aliyeko kambini, miaka 2 ni nini? Wengi wamekaa zaidi ya hapo. Msimamizi mwenye tamaa anaweza kwenda hatua kwa hatua: kwanza kitansi kwa jina lake, kisha fishi ya kartie kwa jina lake, kisha ofisi ya udongo. Mwenyewe akirudi, anakuta mlango umefungwa na sheria, si na kufuli.

Wasimamizi wengi si wezi. Wengi wamelala katika nyumba za wengine wakati wa risasi ili zisiporwe. Hao nao wanahitaji ulinzi. Msimamizi aliyeandikwa kwenye kitansi kuwa mwenye nyumba anabeba deni la kodi lisilo lake. Akikosa kulipa, ni yeye anayeitwa ofisini. Ikiwa mji umebadilika mikono na anaombwa kulipa mara ya pili, ni yeye anayesimama mlangoni. Kumwandika kuwa msimamizi tu kunamlinda yeye pia.

Ofisi inaweza kujibu nini

Ofisi ya kodi ina hoja yake, na si ya kudharau. Jimbo linahitaji feza. Kama kila anayekutwa ndani ya nyumba atasema "mimi ni mlinzi tu, mwenyewe yuko Burundi," hakuna atakayelipa. Na kweli kuna watu wanaojificha nyuma ya ndugu aliyekimbia, wakati nyumba ni yao wenyewe.

Lakini kulipa na kuandika jina ni mambo mawili. Hakuna anayesema msimamizi asilipe. Anapopokea loye, feza iko mikononi mwake, na kodi itoke katika feza hiyo hiyo. Kinachoombwa ni mistari miwili kwenye kitansi badala ya mmoja: "Mwenye mali: fulani. Amelipa kwa mkono wa: fulani, msimamizi." Anayedanganya atajulikana haraka, kwa sababu atalazimika kutaja jina la mwenyewe, namba ya simu yake na majirani wanaomjua. Jimbo litapata feza ile ile, na pamoja nayo litapata orodha ya kweli ya wenye nyumba, kitu ambacho hakuna kodi inayoweza kukusanywa vizuri bila hicho.

Jambo la pili ni nyumba zisizoleta loye. Kuna nyumba nyingi Uvira ambazo zimepokea wakimbizi wa ndani bure, familia tatu katika vyumba viwili. Kodi ya loye ni kodi ya mapato. Pasipo loye hakuna mapato, na pasipo mapato kodi hiyo haina mahali pa kushika. Ajenti hapaswi kukadiria loye kwa kuhesabu watu waliolala sebuleni.

Jambo la tatu ni deni la miaka ya kukimbia. Mwenye nyumba anaporudi anaweza kukuta kodi ya parsele ya miaka miwili, pamoja na adhabu za kuchelewa, kwa nyumba ambayo hakuweza hata kuikaribia. Hapo hakuna ajenti anayeweza kumsamehe. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi inawekwa kwa sheria, na msamaha ao punguzo la kodi nalo linatoka kwa sheria tu. Kwa hiyo "tuelewane" ya mlangoni si msamaha. Mwenye nyumba anatoa kidogo leo, hapewi kitansi, na mwaka ujao deni liko palepale. Wenye kazi hiyo ni wabunge wa jimbo. Waandike edikti fupi: adhabu za kuchelewa zisimame kwa muda ambao mwenye nyumba alikuwa amekimbia, na deni lilipwe kwa awamu. Jimbo lenyewe lilikimbia Bukavu. Linajua kukimbia ni nini.

Familia zifanye nini sasa

Kungoja edikti si mpango. Yapo mambo ambayo familia inaweza kufanya wiki hii, hata kutoka kambini.

Prokirasio iandikwe, hata ukurasa mmoja. Itaje parsele, avenyu na namba, na kazi yenyewe: kutunza, kupokea loye, kulipa kodi kwa jina la mwenyewe. Iseme wazi kwamba haitoi ruhusa ya kuuza, kuweka rehani ao kubadili karatasi za parsele. Iwe na mwisho, kwa mfano mwaka mmoja, kisha irudiwe. Ikiwezekana ipite kwa notere. Ikishindikana, isainiwe mbele ya mashahidi wawili na nakala iende kwa chefu wa kartie.

Karatasi za asili zisiachwe nyumbani wala kwa msimamizi. Apewe nakala. Kila kitansi kikilipwa, kipigwe picha na kitumwe kwa mwenyewe siku ile ile, na jina lisomwe kabla ya kuondoka kwenye meza ya ofisi. Kikiwa na jina lisilo sahihi, kirudishwe palepale. Baada ya mwaka ni kazi kubwa kukibadilisha.

Hesabu ifanywe kila miezi mitatu, hata kwa ujumbe wa sauti: loye iliyoingia, kodi iliyotoka, misumari iliyonunuliwa. Na mwenyewe asisahau upande wake. Msimamizi aliyetoa feza yake kwa bati ao kwa kodi anastahili kurudishiwa. Wengi wa wanaokataa kuachia nyumba hawakuanza kama wezi. Walianza na deni ambalo hakuna aliyelitambua.

Mwenyewe akitaka kuondoa madaraka, aandike tena, apeleke nakala kwa msimamizi, kwa mpangaji, kwa chefu wa kartie na kwa ofisi ya kodi. Mpangaji asipojulishwa ataendelea kulipa kwa mtu wa zamani, na hatakuwa na kosa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Uvira ya leo daftari hilo linaweza kuwa simu yenye picha za vitansi, katika mfuko wa mama aliyekaa chini ya hema ng'ambo ya Rusizi. Vitansi hivyo viwe na jina lake, na chini yake jina la yule kijana aliyemlindia mlango.